Bima Iliyofia Darajani

Watu wa soko la Mpondwe wanasema Jado aliuza shamba la mama yake kwa safari ya asubuhi moja. Wanalisema hilo huku wanapimiwa mafuta yake, na wakimaliza kulisema wanaomba awaongezee kidogo. Mimi nauza unga wa muhogo kibanda cha pili kutoka chake, nayasikia yote, na nimechoka. Mimi nilikuwa ndani ya gari la safari hiyo. Kichwa cha mama yake kilikuwa mapajani mwangu. Anayetaka kusema aje aniulize mimi Biira kwanza, halafu aende akaseme.

Jina lake ni Jean-de-Dieu Kambale, lakini hapa Bwera, upande wa Uganda, jina refu hivyo linaliwa na panya, tukamwita Jado. Kwetu Kambale ni mtoto wa kiume wa pili. Wa kwanza alibaki huko ng'ambo, Kongo, siku watu wenye mapanga walipoingia vijiji vyao, na Jado akaja huku na mama yake, Mama Kaswera, na sufuria moja na godoro lililoloa. Sisi Bakonzo hatukuwaita wakimbizi. Lugha yao ni yetu, bundu lao, ugali wa muhogo, ni bundu letu, hata majina ya watoto tunapeana sawasawa. Kinachotutenganisha ni mto Lubiriha, na huo siku za kiangazi hata kuku anavuka.

Mama Kaswera hakukaa kulia. Alinunua chumvi Katwe, akaipeleka ng'ambo, akarudi na mafuta ya mawese, na mgongo wake ukapinda kwa kazi hiyo. Alipopata fedha ya kununua kipande cha ardhi, nilimsindikiza mimi kukitafuta. Tulionyeshwa kimoja kikubwa, kizuri, cha bei ya chini. Yeye akakizunguka chote akipekua nyasi kwa fimbo, akauliza, "Nani amelala hapa?" Mwenye ardhi akababaika. Kumbe kulikuwa na kaburi la bibi mmoja chini ya majani. Mama Kaswera akaondoka bila kuaga vizuri. Njiani akaniambia, "Mutu haweze kununua udongo mama ya mwenzake amelalia. Hata ukinunua, si yako." Na kweli, hapa kwetu hakuna atakayenunua. Akachukua kile kidogo kilicho juu ya mlima, hakikuwa na kaburi hata moja. Akapanda kahawa na migomba, akajenga vyumba viwili vya kukaa yeye, Jado na wajukuu, mlango ukitazama bonde.

Basi huyo ndiye mama. Na mwana? Jado ana ugonjwa mmoja tu, kupatana bei. Huyu mtu hajawahi kununua kitu kwa bei aliyoambiwa. Akiuziwa samaki mkavu wa Hamukungu atashika mkia, atanusa, atacheka, ataondoka, atarudi, na mwisho muuza samaki atamwachia ili apumzike. Tulimtania kwamba siku ya kufa ataomba apunguziwe kaburi. Hatujamtania hivyo tena.

Mama Kaswera akaanza kuvimba tumbo. Madaktari walimtazama, wakamtazama tena, wakamwita Jado pembeni. Aliporudi uso wake ulikuwa wa majivu. Walikuwa wamemwambia ampeleke nyumbani, apewe anachokitaka. Na Mama Kaswera alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kwenda Mutwanga, kule chini ya mlima upande wa Kongo, alikozikwa mumewe, afie huko na alazwe ubavuni mwake.

"Mukataa kwao ni mutumwa," alisema. "Mutoto wangu, usinizike ugenini."

Jado akaapa mbele yangu. Na mtu akimwapia mama yake, hana pa kukimbilia.

Tatizo likawa usafiri. Mama Kaswera hakuweza kukaa pikipiki, hata kukaa kiti cha kawaida hakuweza, alitaka kulala. Madereva wa taksi wakimwona wanakumbuka kazi nyingine. Wanaogopa mtu kuwafia garini, wala siwalaumu sana, maana gari likishabeba maiti abiria wanalikwepa. Jado alizunguka Bwera kutwa, akarudi akakaa kwenye dumu, ameshika kichwa. Ndipo nikamwambia kwamba Kasese kuna mzee Musitafa anayekodisha magari, ukiliendesha mwenyewe hamna dereva wa kuogopa. Jado alijua kuendesha. Alijifunzia hapahapa Bwera, kwa pikapu ya tajiri mmoja wa kahawa.

Tukaenda Kasese. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Anayeandika pale ni binti wa Musitafa, Asmah, msichana mpole mwenye hina kwenye kucha. Sasa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna wanaosema tulidanganywa. Hatukudanganywa. Yule msichana alieleza kila kitu kwa Kiswahili cha kueleweka.

"Mzee, sikiza," alimwambia Jado. "Ndani ya bei kuna bima ya lazima. Hiyo inalipa mtu mwingine ukimgonga. Gari yetu yenyewe hailipi. Ukitaka gari nayo ilindwe kuna bima kubwa, unaongeza kidogo. Na hata hiyo kubwa, hasara ikitokea, kipande cha kwanza unalipa wewe. Matairi na vioo haigusi."

"Toa hiyo kubwa," Jado akasema. "Mi siendeshe kama mulevi."

"Sawa. Na kama gari inavuka mpaka kuna kadi ya manjano ya bima ya nje, na barua ya baba ya kuruhusu. Bila hizo, bima inafia darajani. Ukipita pale hata hatua moja, kila kitu ni juu yako."

"Hiyo ya manjano nayo toa."

"Kwa hiyo huvuki?"

"Minapeleka mama nyumbani tu, dada."

"Nyumbani wapi?"

"Bwera," akajibu, na Asmah akaandika Bwera.

Hapo ndipo watu wanamwita mwongo. Sikilizeni. Sisi siku za soko tunavuka daraja lile na vikapu kichwani kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Shangazi yangu analima muhogo ng'ambo na anakuja kusali huku. Nje ni Dubai, nje ni Kinshasa. Kasindi, pale tu ukishuka daraja, ni nje ya nini? Jado alisikia habari ya kadi ya manjano kama anavyosikia muuza samaki akisema samaki wangu ni wa leo. Ni maneno ya kupandisha bei. Na maneno ya kupandisha bei dawa yake ni kuyakata. Mimi niliyekaa pembeni yake niliona anafanya kazi nzuri.

Musitafa mwenyewe akaja mwishoni. Mzee mfupi, kofia safi, asiyepandisha sauti. Akasema, "Ndugu yangu, wewe kwenu ni ng'ambo. Ukipotea na gari yangu nitakutafuta wapi? Niachie kitu cha kunifanya nilale."

Jado akatoa karatasi ya shamba la mama yake, yenye muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Musitafa akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye sanduku la chuma. Tulipotoka Jado alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu mama augue. "Yaya Biira," kwao yaya ni dada mkubwa, "umeona? Vyote vya juu juu nimetoa."

Lilikuwa gari jeupe, safi, viti vya nyuma vinalala. Kesho yake tulimtandikia Mama Kaswera blanketi, nikakaa nyuma naye. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Uso ulikuwa umebaki mifupa, lakini nakwambia alikuwa na furaha. Aliniuliza kama Jado amekumbuka chumvi ya kuwapelekea mashemeji. Amekumbuka, nikamwambia.

Darajani kijana wa kizuizi alikuwa mtu wa kwetu. Alichungulia ndani, akaona hali, akasema, "Pole, mama," akainua mti. Hakuna aliyeuliza kadi. Jado akanitazama kwenye kioo kama kusema, si nilikwambia.

Sasa kuna jambo moja. Jado alikuwa amevuka daraja lile maisha yake yote, lakini kwa miguu. Na anayetembea kwa miguu anapita popote. Hajawahi kulivuka akiwa ameshika usukani. Uganda tunaendesha kushoto, Kongo wanaendesha kulia. Alilijua hilo, nani asiyelijua? Pale Kasindi kwenye watu wengi alifuata wenzake, akaenda kulia vizuri kabisa. Lakini mji ulipoisha, barabara ikawa tupu, mama akaanza kukohoa, na yeye akageuza shingo kuuliza, "Mama, unasikia namna gani?" Mikono ikabaki na mazoea yake. Gari likahamia kushoto polepole, kwenye kona, na kwenye kona hiyo likaja lori la mbao.

Sikuona vizuri. Nililala juu ya Mama Kaswera. Nilisikia honi, kisha bati likichanika, kisha tukawa mtaroni, pua ya gari imeingia kwenye kalavati na mvuke unatoka. Sote tulikuwa hai. Mama alikuwa ananishika mkono, anauliza kama tumefika.

Dereva wa lori alishuka, akalizunguka lori lake. Ubavu wa lori ulikuwa umekwanguka na taa moja imekwenda. Polisi walikuja, hawakuwa wakali. Mkubwa wao aliangalia alama za matairi, akaangalia Jado.

"Ulikuwa unaendesha upande wa nani?"

Jado naye akaziangalia zile alama.

"Asiransi iko wapi?"

Akatoa karatasi ya bima ya Kasese. Yule mkubwa aliisoma juu hadi chini, akamrudishia taratibu. "Hii iko ya Uganda. Huku haina kazi." Basi ikawa hivyo. Gari livutwe hadi kituoni, likae hapo mpaka lori lilipwe, na kila siku litakayokaa kuna ada ya kulilaza. Gari nalo linalipa kulala, fikiria, na mama yetu amelala chini kwenye mkeka mbele ya kioski, chini ya mwavuli wa muuza vocha.

Jado akaomba gari jingine la kumfikisha mama Mutwanga. Alimwomba kila mtu. Alipiga magoti mbele ya dereva wa lori yuleyule tuliyegongana naye. Lakini asubuhi hiyo risasi zilikuwa zimesikika upande wa mbele, na magari yaliyotoka yalikuwa yanarudi yamejaa magodoro. Hakuna mtu aliyekuwa anakwenda kule. Milima ya kwao ilikuwa inaonekana pale, kijani, karibu, na hakuna wa kutupeleka.

Ndipo akampigia Musitafa. Simu yake kioo kilikuwa kimepasuka kwenye ajali, sauti inatoka nje tu, kila mtu anasikia. Asmah ndiye aliyepokea.

"Ajali? Poleni. Mko wapi?"

"Kasindi, kupita kidogo."

Asmah akasema, bila kelele, "Mzee, nilikuambia. Inafia darajani."

Musitafa akachukua simu. Alituuliza kwanza kama kuna aliyeumia, hilo nitalisema siku zote. Kisha akasema, "Ndugu yangu, gari hiyo bado nailipia mkopo benki. Sina la kufanya. Jumamosi nitakuja Bwera na mtu wa kuliona shamba."

Jado alisema, "Baba, nionee huruma." Alisema hivyo mara nyingi. Mtu aliyezoea kukata kila bei, safari hii hakuwa na cha kukata. Simu ilipoisha alikaa kwenye vumbi akalia kwa sauti, mwanaume mzima, watu wanapita. Nami nikalia. Ningefanya nini?

Mama Kaswera alikuwa amefumba macho, tukadhani amelala. Akaita.

"Jado. Karatasi ya shamba, ndio ulimpa?"

"Nisamehe, mama."

Hakumkaripia. Aliitazama ile milima muda mrefu, mpaka nikageuza uso wangu nisimwone. Kisha akasema, "Munirudishe Bwera."

"Mama, kesho njia itafunguka. Nitapata gari. Niliapa."

"Kiapo kilikuwa cha kwangu. Minakitoa. Munirudishe."

Tulimrudisha kwa miguu. Wapagazi wa soko, wale wanaobeba magunia ya kahawa, walifunga blanketi kwenye miti miwili kama wanavyobebwa wagonjwa wa milimani, wakapokezana mabegani. Jado alishika mti wa mbele, hakukubali kupokewa. Darajani kijana wa kizuizi aliinua mti kabla hatujafika.

Nyumbani alikataa kulazwa ndani. Alitaka kukaa mlangoni. Akaniita mimi na Jado, akanyoosha kidole kwenye udongo mbele ya kizingiti, pale tunapoanikia muhogo.

"Hapa," alisema. "Musinipeleke nyuma kwenye migomba. Hapa, mutu akija aone."

Sikuelewa mara moja. Jado ndiye aliyeelewa, akapiga kelele kama mtu aliyechomwa moto. Akasema hapana, mama, hapana, utalala na baba, nitauza vyote, nitauza mafuta mpaka nife. Mama akamshika sikio kama mtoto.

"Baba yako anajua kungoja," akasema. "Watoto wako hawana pengine pa kulala. Yule muzee anakuja siku gani?"

"Jumamosi," nikamjibu mimi, na hadi leo natamani ningenyamaza.

"Basi nitawahi."

Kuanzia hapo hakupokea uji. Nilimpelekea mimi na kijiko mdomoni, akafunga meno, akanitazama kwa upole, akatikisa kichwa. Nilimgombeza. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mzee. Yeye akanipapasa mkono. Alitoka duniani Alhamisi alfajiri, na Ijumaa jioni tukamzika pale alipoonyesha, kichwa kikielekea ng'ambo. Hilo hakuliomba. Jado ndiye aliyelitaka.

Jumamosi Musitafa alipanda mlima na Asmah na mnunuzi mmoja kutoka Kasese, mwenye viatu vizuri. Walitukuta tumekaa matanga. Mnunuzi aliona kile kichuguu cha udongo mbichi mbele ya mlango, maua bado hayajanyauka. Akauliza, "Nani?" Nikamwambia, "Mwenye shamba." Aligeuka akashuka kwenda garini.

Musitafa alibaki amesimama. Akavua kofia, akasema maneno ya dini yake, akakaa kwenye mkeka wetu pamoja nasi. Baada ya muda akasema, "Mmenifunga mikono, ndugu yangu." Jado alikuwa anatazama chini tu. Kisha akainua kichwa, akamwuliza Asmah jambo ambalo mimi nisingethubutu kuuliza.

"Dada, ile kadi ya manjano. Ile nilikataa. Ilikuwa bei gani?"

Asmah akamtazama baba yake. Jado akamngoja. Mwishowe msichana akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa siku zile chache, kadi na barua vingekuwa bei ya dumu moja la mawese. Jado akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hatukumwona mpaka kesho yake.

Gari lilitoka Kasindi baadaye, lori lilipolipwa. Pua yake haikutengenezeka vizuri, Musitafa akaliuza kwa hasara, na Jado anamlipa kidogo kidogo mpaka leo. Karatasi bado anayo Musitafa kwenye sanduku lake la chuma. Ardhi anayo mama. Hivyo ndivyo ilivyo, na mtu asiniambie kwamba Jado aliuza shamba.

Siku hizi kibandani kwake hapatani bei. Anayetaka kupunguziwa anapunguziwa, anayelipa yote analipa yote, yeye anapima mafuta tu na kufunga kizibo. Watoto wake wamejifunza kutorukia kaburi wanapocheza. Na nyumba ile ina mlango mmoja, kwa hiyo kila asubuhi Jado akitoka kuja sokoni ni lazima ampite mama yake, na jioni akirudi ampite tena.